Stan Laurel, Yule Mwembamba

Huenda mmewaona mnene na mwembamba katika katuni tu. Basi mwembamba alikuwa mtu kweli, Stan Laurel, mzaliwa wa Ulverston, Uingereza, tarehe 16 Juni 1890. Mwaka 1910 alivuka bahari hadi Marekani na kundi la Fred Karno, Charlie Chaplin akiwamo.

Mwaka 1927 aliungana na Oliver Hardy, yule mnene. Kwenye filamu Laurel ndiye bwege, anajikuna kichwa na kulialia. Kumbe kazini ndiye aliyekuwa kichwa! Yeye alibaki akitunga vichekesho, Hardy akaenda zake kucheza gofu. Filamu yao ya 1932, ya kupandisha piano ngazi ndefu, ilipata tuzo ya Oscar.

Hardy alipofariki mwaka 1957, Laurel alikataa kabisa kuigiza tena. Lakini aliendelea kuandika vichekesho vya watu wawili, ilhali mwenzake hayupo. Hapo ndipo mimi hunihuzunisha.

Aliaga dunia tarehe 23 Februari 1965. Katuni zilitoka 1966, vipindi 156 vifupi, sauti yake ikiigwa na Larry Harmon. Zinachekesha, lakini ule uso wake wa kulia, wachoraji hawakuuweza.