Idi Amin: Jemadari aliyetisha wanyonge, akashindwa vitani

NI vigumu kulitaja jina la Idi Amin Dada katika Afrika Mashariki bila kuikumbuka Vita vya Kagera. Lakini miaka 16 kabla ya majeshi yake kuvuka mpaka wa Tanzania, jina hilo lilikuwa limekwisha kuacha kilio miongoni mwa wafugaji wa Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya.

Amin alizaliwa katikati ya miaka ya 1920. Baba yake alikuwa Mkakwa, kabila linalopatikana Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Elimu yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, akianzia kazi za jikoni. Umbo lake kubwa, nguvu na utiifu vilimpandisha haraka. Alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kwa miaka kadhaa, akapelekwa Kenya kupambana na wapiganaji wa Mau Mau, na mwaka 1961 akawa miongoni mwa Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa kamili.

Mwaka 1962, Luteni Amin alitumwa na kikosi chake Turkana kukomesha wizi wa mifugo. Turkana ni nchi kame na pana, ambayo barabara yake kuu hutoka Lodwar, ikapita Kakuma na Lokichoggio hadi Nadapal, penye mpaka wa Sudan Kusini. Katika nyika hiyo mwenye mifugo huilinda kwa roho yake, na askari mgeni hupewa kazi ya kutafuta silaha kwa watu asiowajua wala kuielewa lugha yao.

Baada ya operesheni hiyo, wafugaji kadhaa walikutwa wamekufa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa walikuwa wamepigwa na kuteswa. Wakuu wa serikali ya kikoloni mjini Nairobi walitaka Amin ashitakiwe. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, alitaka ushauri wa Milton Obote, aliyekuwa karibu kuiongoza Uganda huru. Nchi ikiwa inakaribia kujitawala, Obote hakupenda mmoja wa maofisa wachache wazalendo afikishwe mahakamani. Amin akapewa karipio tu.

Funzo alilolipata lilikuwa baya: kwamba ukatili dhidi ya wasio na silaha huhesabiwa kuwa ushujaa, tena hauna adhabu. Mwaka 1966 ndiye aliyeongoza mashambulizi dhidi ya kasri la Kabaka huko Mengo kwa amri ya Obote. Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua.

Hapo ndipo ulipopandwa mbegu ya kushindwa kwake. Akihofia kupinduliwa, aliwaua maelfu ya askari wa makabila ya Acholi na Langi, ambao walikuwa uti wa mgongo wa jeshi. Nafasi zao zilijazwa na watu wa Nile Magharibi pamoja na wapiganaji kutoka Sudan na Zaire. Vyeo vilitolewa kwa uaminifu, si kwa ujuzi. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, maofisa waligawiwa maduka na magari, wakazoea biashara kuliko mafunzo.

Kwa nje, jeshi hilo lilitisha. Lilikuwa na askari wapatao 20,000, vifaru na ndege za kivita za MiG kutoka Urusi, pamoja na misaada ya Libya. Mwaka 1976 Amin alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda. Lakini Julai 4 mwaka huo huo, makomando wa Israel walitua Entebbe usiku, wakawaokoa mateka, wakaua askari wengi wa Uganda na kuziteketeza ndege zake uwanjani. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mwaka 1978 jeshi lilikuwa limegawanyika na maasi yalizuka ndani ya vikosi. Mwishoni mwa Oktoba, majeshi ya Amin yaliingia Kagera na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya mto, yapata kilomita za mraba 1,800. Yalikuta ulinzi mdogo sana. Badala ya kujenga ngome, askari waliiba ng'ombe, magari na mitambo ya kiwanda cha sukari, wakabaka na kuua. Inakadiriwa raia wapatao 1,500 walipoteza maisha.

Daraja la Kyaka linaeleza mengi. Ndege za Amin zilishindwa kulilenga, hadi akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe kulibomoa. Kisha askari wakaamini kuwa mto huo ungewalinda, wakarudi nyumbani na ngawira zao. Haukuwapo mpango wa hatua ya pili.

Mwalimu Julius Nyerere alitangaza vita mwanzoni mwa Novemba. Tanzania, iliyokuwa na jeshi dogo, iliwaita mgambo na kukusanya watu zaidi ya 100,000. Madaraja ya muda yalijengwa, mizinga ya roketi ikasogezwa mbele. Wapiganaji wa Tanzania walitembea kwa miguu milimani na mabwawani, huku wa Amin wakishikamana na barabara ambako magari yao yaliweza kukimbilia nyuma.

Libya ilituma askari kumwokoa rafiki yake. Machi 10, 1979, huko Lukaya, waliwarudisha nyuma Watanzania kwa roketi, lakini alfajiri iliyofuata walishambuliwa kutoka ubavuni wakavunjika. Cha kuazima hakisitiri. Aprili 11, Kampala ilianguka.

Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafariki Jeddah Agosti 16, 2003, bila kujibu mashtaka mahakamani.

Kwa watu wa Turkana, anguko hilo halikuwa mwisho wa habari. Askari wa Amin walipoikimbia kambi ya Moroto mwaka 1979, Wakaramoja waliivunja ghala ya silaha na kuchukua bunduki nyingi. Silaha hizo, na nyingine zilizotoka katika vita vya Sudan na Ethiopia, ziliubadilisha wizi wa mifugo. Palipokuwa na mkuki pakawa na bunduki, na mapigano ya mipakani, Nadapal ikiwamo, yakawa ya mauti zaidi.

Hivyo mtu aliyetumwa Turkana kukomesha wizi wa ng'ombe aliacha nyuma yake silaha zilizouzidisha, na jeshi lake nalo likageuka kuwa la wezi wa ng'ombe Kagera. Jeshi linalozoezwa kuwatisha raia wake hujifunza kutii kwa hofu na kuishi kwa kupora. Likikutana na adui anayejua anachokipigania, vifaru na ndege haviwezi kujaza pengo hilo.