Ada Lovelace na Ndoto ya Mashine ya Muziki

Msomaji mpenzi, siku hizi kompyuta hutunga muziki, tena nyingine humfuata mpigaji na kumjibu papo hapo. Lakini je, wajua kwamba kuna mama aliyeliwaza jambo hili kabla hata kompyuta hazijakuwako?

Ada alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Babake, Byron, alikuwa malenga mashuhuri. Wazazi walitengana Ada akiwa mtoto mchanga, na hakumwona babake tena. Mamake, kwa kuhofia asirithi tabia za baba, alimkazania hesabu. Wapi! Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Mwaka wa 1833 alikutana na Charles Babbage, mbunifu wa mashine za kupigia hesabu. Mnamo 1843 Ada alitafsiri makala ya Kifaransa kuhusu mashine hizo, akaongeza maelezo yake marefu kuliko makala yenyewe. Humo alieleza kwamba sauti za muziki zina uhusiano unaofuata kanuni. Kanuni hizo zikiandikwa vizuri, mashine yaweza kutunga muziki. Ila alionya kuwa mashine haianzishi kitu, hufanya inavyoagizwa tu.

Mashine ile haikukamilika. Ada alifariki kwa saratani tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36, akazikwa kando ya babake. Ilipofika 1957 ndipo Hiller na Isaacson, wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipotoa muziki wa vyombo vinne vya nyuzi uliotungwa kwa kompyuta.

Haya, nyinyi mnaosema ati hesabu si ya wasichana, mwasemaje sasa?