Makhan Singh: Mpiga chapa wa Nairobi aliyetangulia kudai uhuru wa Afrika Mashariki

LEMON GABA, Juba – Mfanyabiashara anayetoka Lemon Gaba, mjini Juba, na kuchagua njia ya Torit na Kapoeta kwenda Kenya, huvuka mpaka Nadapal na kuingia Lokichoggio. Kutoka hapo barabara hushuka Kakuma hadi Lodwar. Mashariki ya njia hiyo, katika nchi kavu ya kaskazini mwa Turkana, kuna mji mdogo uitwao Lokitaung.

Wengi wanaoujua mji huo huukumbuka kwa sababu ya Mzee Jomo Kenyatta, aliyefungwa huko pamoja na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953. Wachache wanajua kwamba miaka mitatu kabla ya hapo, serikali ya kikoloni ilikuwa imempeleka huko mtu mwingine. Hakuwa mwanajeshi wala chifu. Alikuwa Singasinga, au Kalasinga kama wasemavyo Wakenya, aliyekulia katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake Nairobi na kuwa katibu wa vyama vya wafanyakazi. Jina lake ni Makhan Singh.

Kisa chake kinawahusu watu wanaoishi kwa kuvuka mipaka. Alizaliwa nchi moja, akafanya kazi nyingine, akafungwa katika zote mbili, na serikali ikajaribu zaidi ya mara moja kumwondoa mahali alipopaita kwao.

Kutoka Punjab hadi Nairobi

Makhan Singh alizaliwa Desemba 27, 1913, katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab. Wakati huo Punjab ilikuwa sehemu ya India chini ya Waingereza. Leo Gujranwala iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala. Mwaka 1920 alikuja Kenya kufanya kazi ya reli, kama walivyofanya mafundi wengi wa Punjab waliofuata njia iliyofunguliwa na ujenzi wa Reli ya Uganda.

Familia ilibaki nyuma kwa miaka saba. Mwaka 1927 Makhan Singh, akiwa na umri wa miaka 13, alisafiri na mama yake kumfuata baba Nairobi. Alisoma shule ya serikali ya Wahindi, akafaulu vizuri, na mwaka 1931 akapita mtihani wa Chuo Kikuu cha London wa kuingilia masomo ya juu. Lakini fedha za kumpeleka chuo hazikuwepo. Sudh Singh alikuwa ameacha reli na kuanzisha kiwanda kidogo cha uchapaji, na mwanawe akaingia humo kufanya kazi.

Ndani ya kiwanda cha uchapaji

Uchapaji wa miaka hiyo ulikuwa kazi ya mikono na macho. Mpangaji aliokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye visanduku, akazipanga mstari kwa mstari, zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Ukurasa ukikamilika ulikazwa ndani ya fremu, ukapakwa wino, karatasi ya kwanza ikatolewa na kusomwa kutafuta makosa. Baada ya kazi, kila herufi ilirudishwa kwenye kisanduku chake. Viwanda vidogo vya namna hiyo viliishi kwa kuchapa vitabu vya stakabadhi, ankara, kadi za harusi na matangazo ya maduka.

Nairobi ilikuwa mji wa lugha nyingi, na mpiga chapa alilazimika kuzijua. Karani wa duka alisoma Kigujarati, fundi wa reli alisoma Kipunjabi au Kiurdu, mfanyakazi Mwafrika alisoma Kiswahili, na ofisi ya serikali ilitaka Kiingereza. Makhan Singh alizoea kuona tangazo moja likitolewa kwa hati na lugha tofauti. Jambo hilo la kawaida kwa mpiga chapa likawa silaha yake baadaye, kwa sababu aliyeweza kuwafikia wafanyakazi wote kwa lugha zao aliweza pia kuwakusanya.

Chama kisichobagua

Mwaka 1935 kikundi cha mafundi wa Kihindi Nairobi kilikuwa na chama kilichokuwa kikisuasua. Walihitaji katibu anayejua kuandika na kutunza vitabu, wakamchagua Makhan Singh. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Hatua yake ya kwanza kubwa ilikuwa kubadili mlango wa kuingilia. Chama kilikuwa cha Wahindi peke yao. Chini yake kikageuzwa kuwa Chama cha Wafanyakazi cha Kenya, kilichokuwa wazi kwa kila mfanyakazi bila kujali rangi wala dini. Katika koloni ambako mishahara, hospitali, mitaa ya kuishi na hata vyoo viligawanywa kwa rangi, huo ulikuwa uamuzi mzito. Mwajiri alikuwa amezoea kumtishia fundi Mhindi kwa kumwonyesha Mwafrika atakayefanya kazi kwa bei ndogo zaidi. Wote wawili wakiwa chama kimoja, tishio hilo hupoteza nguvu.

Chama kikatoa gazeti lake kwa Kipunjabi na Kiurdu, na vipeperushi kwa lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1936 kiliwapa waajiri taarifa kwamba kuanzia Oktoba 1 siku ya kazi iwe ya saa nane. Aprili 1937 kikaitisha mgomo Nairobi kudai nyongeza ya mshahara ya asilimia 25.

Mgomo huo ulidumu siku 62. Mgomo wa miezi miwili ni mtihani wa tumbo: kodi ya nyumba haingoji na watoto lazima wale. Chama kilikusanya michango, kikaendesha mikutano na kuchapa habari ili kila mtu ajue mazungumzo yalipofikia. Waajiri walikubali nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22, siku ya saa nane, na kuwarudisha kazini waliogoma.

Habari zilivuka mipaka. Wafanyakazi wa Uganda na Tanganyika wakaomba kujiunga, na mwaka huohuo chama kikabadili jina tena na kuwa Chama cha Wafanyakazi cha Afrika Mashariki. Miaka 30 kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967, mafundi, maseremala na makarani walikuwa tayari wameona kwamba mwajiri mwenye matawi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hakabiliki kwa chama chenye tawi moja.

Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na Makhan Singh akatoa ushahidi mbele ya tume iliyoundwa kuchunguza chanzo chake. Mwaka huohuo Jesse Kariuki na George Ndegwa, viongozi wa chama cha Kikuyu Central Association, waliingia katika uongozi wa chama chake. Serikali ilianza kumtazama kwa jicho jingine.

Kifungo cha kwanza, India

Desemba 1939 alisafiri kwenda India kujifunza jinsi vyama vya wafanyakazi vilivyoendeshwa huko. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza, na Waingereza hawakutaka migomo katika viwanda vya India. Mei 1940 alikamatwa. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka miwili bila kuhukumiwa kwa kosa lolote, kisha akatakiwa asitoke kijijini kwao hadi Januari 1945.

Alipoachiwa huru alifanya kazi Lahore katika gazeti la Chama cha Kikomunisti cha Punjab. Alikuwa mkomunisti na hakuficha. Agosti 1947, mwezi ambao India na Pakistan zilipata uhuru, alirudi Kenya.

Serikali ya Kenya haikumtaka. Aliamriwa kuondoka nchini, akakataa kwa hoja kwamba Kenya ndiyo nchi aliyokulia na anayoishi. Jaribio la kumfukuza likakwama mahakamani. Kila mfanyabiashara aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la uhamiaji akiulizwa anatafuta nini upande huu wa mpaka anaweza kuelewa uzito wa hoja hiyo.

Kaloleni, Aprili 1950

Mei 1, 1949, vyama kadhaa viliungana na kuunda Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai, na katibu mkuu Makhan Singh. Serikali ilikataa kulisajili. Machi 1950, Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji kwa sherehe kubwa, viongozi hao waliwaambia wafanyakazi wasishiriki: jiji lilikuwa la matajiri, na wao waliolijenga waliishi katika vibanda.

Aprili 23, 1950, mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union na chama cha kisiasa cha Wahindi ulifanyika katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Wakati huo wanasiasa wengi walikuwa bado wakidai viti zaidi katika baraza la kutunga sheria. Makhan Singh alisimama akapendekeza jambo kubwa zaidi: uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, bila kungoja. Alitaja Afrika Mashariki yote, si Kenya pekee.

Mei 15 yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikasimama. Mgomo ulienea hadi miji mingine, Mombasa ikiwemo, na katika Nairobi ulidumu siku tisa. Wagomaji walitaka viongozi wao waachiwe, kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi, na nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru. Serikali ilitumia polisi, mabomu ya machozi na magari ya deraya.

Makhan Singh alifikishwa Nyeri mbele ya Jaji Ransley Thacker, yuleyule ambaye baadaye angesikiliza kesi ya Kenyatta. Alikiri mbele ya jaji kwamba ni mkomunisti, na akasema serikali ya Uingereza haikuwa na haki ya kuitawala Kenya. Thacker akapendekeza azuiliwe. Juni 1950 akapelekwa Lokitaung.

Miaka 11 kaskazini

Kutoka Lokitaung alihamishiwa Maralal, na baadaye Dol Dol karibu na Nanyuki. Kwa jumla alizuiliwa zaidi ya miaka 11, muda mrefu kuliko Kenyatta mwenyewe. Hakuwa amehukumiwa kifungo hicho kwa kosa lolote la jinai. Agizo la gavana lilitosha.

Mkewe, Satwant Kaur, alibaki Nairobi na watoto watatu, na barua zikawa uzi uliowaunganisha. Njia ya kutokea ilikuwepo: serikali ingefurahi kumwona akipanda meli kwenda India na asirudi. Hakuichukua. Kuondoka kungekuwa sawa na kukubali kwamba hakuwa mtu wa Kenya, hoja aliyokuwa ameipinga tangu 1947.

Kubai naye alifungwa pamoja na Kenyatta. Vyama vya wafanyakazi vilipata viongozi wapya, na mwelekeo mpya chini ya Tom Mboya. Makhan Singh alipoachiwa Oktoba 1961, alikuta harakati aliyoianzisha ikiwa mikononi mwa watu wengine.

Uhuru bila cheo

Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963. Makhan Singh hakupewa wizara, ubalozi wala nafasi ya maana katika vyama vya wafanyakazi. Ukomunisti wake haukuwapendeza watawala wapya, na uhuru ulipogawanywa katika vyeo, fundi wa Kihindi hakukumbukwa na wengi.

Hakuanzisha ugomvi wala chama cha upinzani. Alirudi kwenye kazi aliyoijua, ya karatasi na maneno. Mtu aliyetunza vitabu vya chama tangu 1935 alikuwa pia ametunza kumbukumbu: mihtasari ya mikutano, vipeperushi, barua na taarifa za magazeti. Kutokana na hizo aliandika historia ya harakati za wafanyakazi wa Kenya hadi 1952, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969 na East African Publishing House. Juzuu la pili, linalofika 1956, lilitoka baada ya kifo chake.

Katika vitabu hivyo yeye mwenyewe haonekani sana. Kuna majina ya vyama, tarehe za migomo, madai na majibu ya waajiri. Wanahistoria hawawezi kuandika habari za wafanyakazi wa Kenya bila kuvipitia, na karatasi zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Makhan Singh alifariki Nairobi Mei 18, 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Miaka minne baadaye Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika. Ya sasa iliundwa kwa mkataba wa Novemba 30, 1999. Itifaki ya soko la pamoja, yenye haki ya mfanyakazi kuvuka mpaka kutafuta kazi, ikaanza kutumika Julai 2010, na Sudan Kusini ikajiunga mwaka 2016.

Itifaki hiyo inataja bidhaa, mitaji, huduma na watu. Kwenye vituo vya mpaka bidhaa ndizo zinazozungumzwa zaidi: ushuru, mizani, mihuri. Utingo wa lori, mpakiaji wa magunia na msaidizi wa dukani hutajwa mara chache, ingawa bila wao hakuna mzigo unaofika Juba. Makhan Singh aliwahesabu watu hao kuwa ndio Afrika Mashariki yenyewe, akawaandikisha katika chama kimoja mwaka 1937, kwa kadi na vipeperushi vya lugha walizozisoma.