John Maynard Keynes

John Maynard Keynes (Cambridge, 5 Juni 1883 – Tilton, Sussex, 21 Aprili 1946) alikuwa mwanauchumi na mtumishi wa serikali kutoka nchini Uingereza. Anajulikana zaidi kwa nadharia yake kwamba wakati uchumi umedorora serikali inapaswa kuongeza matumizi yake ili watu wapate kazi. Wanafunzi wengi wa uchumi humfahamu kwa jambo hilo tu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya miaka yake serikalini ilihusu jambo lingine, yaani fedha zinazodaiwa kati ya nchi zilizopigana vita upande mmoja. Alilishughulikia mara mbili: katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza ilipokuwa ikikopa na kukopesha kwa wakati mmoja, na mwaka 1945, ilipokuwa imeishiwa kabisa na yeye ndiye aliyetumwa Marekani kuomba.

Utoto na elimu

Keynes alizaliwa katika familia ya wasomi. Baba yake, John Neville Keynes, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mama yake, Florence Ada, alijishughulisha na huduma za jamii na mwaka 1932 akawa meya wa mji huo. Alisoma shule ya Eton kwa ufadhili, kisha King's College, Cambridge, alikochukua hisabati.

Mwaka 1906 aliajiriwa katika ofisi ya serikali mjini London iliyosimamia mambo ya Uhindi. Hakukaa sana. Mwaka 1908 alirudi Cambridge kufundisha, na mwaka 1913 alitoa kitabu chake cha kwanza, kilichohusu sarafu na fedha za Uhindi. Kazi hiyo ilimfundisha jinsi koloni linavyoweza kuweka akiba yake London, na jinsi London inavyofaidika na akiba hiyo. Suala hilo lilimrudia mwishoni mwa maisha yake.

Vita Kuu ya Kwanza na mnyororo wa madeni

Mwaka 1915 aliitwa kufanya kazi katika Wizara ya Fedha ya Uingereza. Baada ya muda mfupi alisimamia idara iliyoshughulika na fedha za nje, akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu.

Hali ilikuwa hivi. Urusi, Ufaransa na Italia zilihitaji silaha, nafaka na chuma kutoka Marekani, lakini wakopeshaji wa New York hawakuziamini kama walivyoiamini Uingereza. Basi Uingereza ikakopa Marekani kwa jina lake, ikawakopesha wenzake. Ilikuwa kama mtu anayemdhamini jirani dukani: jirani akishindwa kulipa, mwenye duka humgeukia mdhamini. Mwisho wa vita nchi rafiki zilikuwa zinadaiwa na Uingereza karibu maradufu ya kile ambacho Uingereza yenyewe ilidaiwa na Marekani. Kwenye daftari Uingereza ilikuwa tajiri. Lakini sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa mikononi mwa Urusi, ambayo baada ya mapinduzi ya 1917 ilikataa kulipa madeni ya mfalme wake.

Mwaka 1919 Keynes alikwenda Paris kwenye mkutano wa amani akiwa mwakilishi wa Wizara ya Fedha. Aliona kwamba fidia iliyodaiwa kwa Ujerumani na madeni ya nchi rafiki ni jambo moja. Ufaransa ilitaka fidia kubwa kwa sababu nayo ilikuwa na deni kwa Uingereza na Marekani. Uingereza haikuweza kuisamehe Ufaransa kwa sababu nayo ilidaiwa na Marekani. Pendekezo lake lilikuwa kwamba nchi zote zilizopigana pamoja zifutiane madeni, na Ujerumani itozwe kiasi inachoweza kulipa kweli. Marekani ilikataa. Kwa upande wake fedha zilizokopeshwa zilikuwa fedha za wananchi wake walionunua hatifungani za serikali, nao walitarajia kurudishiwa. Ni vigumu kusema hawakuwa na haki.

Keynes alijiuzulu mwezi Juni 1919, na kabla ya mwaka kwisha akatoa kitabu The Economic Consequences of the Peace, kinachoshambulia Mkataba wa Versailles. Kitabu kilisomwa sana Ulaya na Marekani na kumfanya awe maarufu. Wako wanahistoria wanaosema alikuwa mpole mno kwa Ujerumani na mkali mno kwa Ufaransa, iliyopoteza vijana wengi na kuharibiwa mashamba na viwanda vyake vya kaskazini.

Kuhusu madeni yenyewe, mwaka 1923 Uingereza ilikubali kuilipa Marekani kwa muda wa miaka 62. Mdororo mkuu wa uchumi ulipofika, malipo yalilegalega, na mwaka 1934 yakasimama. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia watu wake kuzikopesha serikali zilizoshindwa kulipa madeni yao. Sheria hiyo ikawa mzigo mkubwa vita vya pili vilipoanza.

Miaka ya katikati

Mwaka 1925 Keynes alimwoa Lydia Lopokova, mcheza baleti kutoka Urusi. Mwaka huo alipinga uamuzi wa Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa fedha, wa kuirudisha pauni kwenye kiwango cha dhahabu kwa thamani ya kabla ya vita. Alikuwa mhasibu mkuu wa King's College tangu 1924 na alicheza na masoko ya hisa na fedha kwa niaba yake mwenyewe na ya chuo; mara mbili alipoteza karibu mali yake yote binafsi au sehemu kubwa yake, na mara zote mbili akainuka. Kitabu chake kikuu kuhusu ajira, riba na fedha kilitoka mwaka 1936. Mwaka 1937 alipata ugonjwa wa moyo, na tangu hapo hakuwa mzima tena.

Vita Kuu ya Pili

Mwaka 1940 alirudi Wizara ya Fedha, bila mshahara. Safari hii Uingereza haikuweza kukopa Marekani. Ilinunua kwa fedha taslimu, ikitoa dhahabu na kuuza mali za raia wake zilizokuwa Marekani, hadi akiba ikakaribia kuisha. Mnamo 11 Machi 1941 Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi sheria ya mpango ulioitwa Lend-Lease, yaani kuazima na kukodisha. Silaha, chakula na mafuta vilitolewa bila kulipiwa papo hapo, na masharti ya kulipa yaliachwa kwa baadaye.

Keynes alipelekwa Washington mwaka huo kuzungumzia masharti hayo. Marekani ilitaka Uingereza iahidi kuacha mfumo wa kupendeleana kibiashara ndani ya himaya yake. Yeye alikasirika kwanza, kisha akatafuta njia ya kuligeuza dai hilo kuwa mpango mpana wa fedha kwa dunia nzima. Mpango wake ulikuwa kuunda chombo cha kimataifa cha kusawazisha madeni ya biashara, chenye fedha yake ya hesabu iliyoitwa bankori. Kilichokuwa kipya ni kwamba si nchi yenye deni tu ingebanwa; hata nchi inayolimbikiza ziada kupita kiasi ingetozwa. Kwake yeye, mdaiwa na mdai wote wana wajibu wa kurekebisha mambo.

Marekani, iliyotarajia kuwa mdai mkubwa baada ya vita, haikupendezwa. Ilikuwa na mpango wake ulioandikwa na Harry Dexter White wa Wizara ya Fedha ya Washington. Wajumbe wa nchi 44 walipokutana Bretton Woods, jimbo la New Hampshire, tarehe 1 hadi 22 Julai 1944, msingi wa mazungumzo ulikuwa ule wa White. Keynes aliongoza kamati iliyounda Benki ya Dunia, huku akipatwa tena na matatizo ya moyo. Shirika la Fedha la Kimataifa lililoanzishwa hapo lilichukua mambo kadhaa aliyoyapigania, lakini bankori na adhabu kwa wenye ziada havikuingia.

Mkopo wa 1945

Vita na Japani vilikwisha Agosti 1945, mapema kuliko Uingereza ilivyopanga. Siku chache baadaye Rais Harry Truman alisitisha Lend-Lease. Mizigo iliyokuwa njiani ikawa ya kulipiwa. Mauzo ya Uingereza nje yalikuwa yameshuka hadi karibu theluthi ya kiasi cha kabla ya vita, askari wake walikuwa wametawanyika duniani, na ilidaiwa zaidi ya pauni bilioni 3 na nchi zilizoiuzia bidhaa na huduma wakati wa vita, hasa Uhindi na Misri.

Keynes, ambaye tangu 1942 alikuwa Lodi, alitumwa Washington mwezi Septemba pamoja na balozi Lodi Halifax. Aliondoka na matumaini makubwa. Aliwaambia mawaziri wa Clement Attlee kwamba huenda zikapatikana dola bilioni 5 au zaidi kama zawadi, au angalau mkopo usio na riba, kwa sababu Uingereza ilipigana mapema na kutoa kila kilichokuwa nacho. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hapo ndipo alipokosea. Alidhani kwamba hoja ya haki ingetosha, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameiona ikishindwa Paris mwaka 1919.

Fred Vinson na Will Clayton, walioongoza upande wa Marekani, walikuwa na bunge la kukabiliana nalo. Wabunge wao walikumbuka deni la zamani lisilolipwa, nao walipiga hesabu za mbele zaidi kuliko za nyuma. Mazungumzo yaliendelea karibu miezi mitatu. Kwanza zawadi ikaondoka, kisha mkopo usio na riba nao ukaondoka. Mawaziri waliokuwa London, waliojazwa matumaini na Keynes mwenyewe, walimtumia maagizo ambayo hayakulingana na hali aliyoiona mezani, na ilifika wakati alitishia kujiuzulu.

Mkataba ulitiwa sahihi 6 Desemba 1945. Uingereza ilipewa mkopo wa dola bilioni 3.75, na dola milioni 650 za kumaliza hesabu za Lend-Lease, kwa riba ya asilimia 2, kwa malipo 50 ya kila mwaka kuanzia mwisho wa 1951. Deni lote lililobaki la Lend-Lease lilifutwa, jambo la ukarimu mkubwa ambalo Waingereza wengi walilisahau katika uchungu wao. Kanada, nchi yenye watu wachache sana ukilinganisha na Marekani, iliongeza dola bilioni 1.25 mwaka 1946. Sharti gumu kuliko yote lilikuwa kwamba mwaka mmoja baada ya mkataba kuidhinishwa, yeyote anayepata pauni kwa biashara aruhusiwe kuzibadili kuwa dola.

Bunge liliupitisha mkataba kwa shingo upande. Keynes aliporudi alikwenda kwenye Bunge la Malodi na tarehe 18 Desemba akautetea, akieleza kwamba mazungumzo hayakuwa ya kulipana fadhila za jana bali ya kupanga biashara ya kesho. Wengi waliokusudia kupinga hawakupiga kura.

Kifo

Machi 1946 alihudhuria mkutano wa kwanza wa magavana wa Shirika la Fedha na Benki ya Dunia, mjini Savannah, jimbo la Georgia. Alitaka makao makuu yawe New York, mbali na wanasiasa, lakini Marekani iliamua yawe Washington, na ndiko yaliko hadi leo. Katika treni ya kurudi alizidiwa na moyo. Alifariki nyumbani kwake Tilton siku ya Pasaka, 21 Aprili 1946, akiwa na umri wa miaka 62. Wazazi wake wote wawili walikuwa bado hai na walihudhuria ibada ya kumbukumbu yake Westminster Abbey.

Baada yake

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Sharti la kubadilisha pauni lilianza kutumika 15 Julai 1947. Wenye pauni wakakimbilia dola, na sehemu kubwa ya mkopo ikayeyuka. Tarehe 20 Agosti serikali ilisimamisha ruhusa hiyo, baada ya wiki tano tu.

Upungufu wa dola uligusa makoloni pia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwenye pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, na akiba yake iliwekwa London. Katani ya Tanganyika iliyouzwa Marekani iliingiza dola, lakini dola hizo zilikwenda kwenye akiba ya pamoja ya himaya, na mkulima au mfanyakazi wa shambani hakuulizwa. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947, ulitokana kwa sehemu na haja hiyohiyo: kupata mafuta ya kula bila kutoa dola. Pauni iliposhushwa thamani Septemba 1949 kutoka dola 4.03 hadi 2.80, shilingi yetu ilishuka nayo siku hiyohiyo.

Uingereza iliahirisha malipo ya mkopo mara sita, kama mkataba ulivyoruhusu. Malipo ya mwisho kwa Marekani na Kanada yalifanyika Desemba 2006, miaka 60 baada ya kifo cha Keynes. Lile deni la Vita Kuu ya Kwanza, alilotaka lifutwe mwaka 1919, halijalipwa wala kufutwa rasmi.