Frederick Arnot na watoto wa Bunkeya

Juma lililopita tulitembelea watoto wanaookota na kuosha mawe ya madini pembeni ya mji wetu wa Likasi. Wengine hawana baba wala mama wa kuwauliza kama wamekula. Jioni tuliketi na familia yetu mbele ya bukari, tukamshukuru Mungu kwamba watoto wetu hawako kule. Kisha tukashituka: sala yetu ilifanana na ile ya Farisayo hekaluni. Ndipo tukakumbuka maisha ya misionari mmoja aliyepita katika Katanga hii.

Frederick Stanley Arnot alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1858. Alipokuwa mtoto, jamaa yake ilihamia Hamilton, na huko akacheza na watoto wa David Livingstone. Mama wa watoto hao alikuwa amekufa mwaka 1862 kando ya mto Zambezi, na baba yao alikuwa mbali, Afrika. Walichokuwa nacho ni barua zake, na Arnot alizisoma pamoja nao. Hivyo tangu utoto alijua kwamba kuwa na wazazi nyumbani ni zawadi, wala si haki ya kila mtoto. Barua hizo pia zilimtia hamu ya kuja Afrika.

Mwaka 1881, akiwa na miaka 22, aliondoka kwao. Alipita Natal, akakaa kwa Walozi wa Zambezi, akafika pwani ya Benguela, kisha akapanda tena bara. Tarehe 14 Februari 1886 aliingia Bunkeya, kaskazini ya Likasi, makao ya mfalme Msiri. Huko shaba, pembe za ndovu na watu viliuzwa pamoja.

Arnot hakuwa na mke wala mtoto, na homa ilimsumbua mara nyingi. Hata hivyo aliwapokea nyumbani mwake watoto ambao utumwa uliwatenga na wazazi wao. Mwishoni mwa mwaka 1887 Charles Swan na William Faulknor walifika kumsaidia, naye akaenda kwao mwaka 1888. Mwaka uliofuata alimwoa Harriet Jane Fisher, wakarudi Afrika pamoja, na Mungu akawapa watoto. Alifariki Johannesburg mwaka 1914.

Tazameni utaratibu wake: watoto wa wengine walipata nafasi nyumbani mwake kabla ya watoto wake mwenyewe kuzaliwa. Shukrani yake kwa malezi aliyopata haikuishia katika sala.

Ndugu na dada, tusiwatumie watoto wa machimbo kama kipimo cha baraka zetu. Kama Mungu ametupa familia, ametupa pia meza. Kwetu tumeanza kuongeza sahani mbili kila Jumapili. Ni kidogo, lakini sasa tukishukuru kwa chakula, baadhi ya watoto wale wanaitikia Amina pamoja nasi.