Habari za Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja



Katika nchi yetu ya Upare, tangu Same penye kituo cha gari la moshi hata Mbaga, Gonja, Usangi na Ugweno huko juu milimani, watu wakiisha kula karamu ya arusi hawakosi kuketi na kuulizana habari za waimbaji. Huyu humsifu mwalimu wa kwaya fulani, na yule husimulia usiku mmoja aliposikia sauti asiyoisahau hata leo. Ubishi huwa mkubwa, wala hauishi, kwa kuwa kila mtu hutoa ushuhuda wa masikio yake mwenyewe. Mazungumzo hayo si mabaya. Walakini twaona kwamba mara nyingi sauti ndiyo isifiwayo, na neno lililochukuliwa na sauti hiyo halitajwi.

Kwa hiyo mwezi huu twataka kuwapa habari za mwanamke mmoja ambaye jina lake lajulikana pwani na bara, ingawa amekwisha kufa tangu mwaka wa 1950. Naye ni Siti binti Saad wa Unguja. Hakuwa mtu wa kanisa letu. Alikuwa Mwislamu, wala hatutaki kumfanya kuwa kitu asichokuwa. Lakini katika maisha yake limo jambo la kuwafaa wote waimbao na wote wasikilizao.

Siti alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, asili yake Tabora. Mama yake alikuwa Mzigua wa upande wa Tanga, yaani wa kabila lililo jirani zetu huko chini ya mto Pangani. Zamani zile misafara ya biashara ilipita katika bonde la mto huo, chini ya milima yetu, ikienda pwani na pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka wa 1897. Basi mtoto huyu alizaliwa katikati ya miaka hiyo: soko lilikuwa limefungwa, na minyororo ilikuwa haijafunguliwa. Nao wazazi wake, waliokuwa watu wa hali ya utumwa, walimwita jina lake Mtumwa.

Baba alilima shamba, na mama alifinyanga vyungu. Mama zetu wafinyanzi waijua kazi hiyo. Chungu ni kizito, tena chavunjika upesi, naye akiuzaye hana budi kupaza sauti, la sivyo atarudi jioni na mzigo uleule kichwani. Mtumwa alijitwika vyungu vya mama yake, akavitembeza hata mjini, akiita wanunuzi njiani. Chuo cha kusoma na kuandika hakupata. Lakini husimuliwa kwamba watu walianza kumjua kwa sauti yake, na kwamba njia hiyo ya vyungu ndiyo iliyoikomaza.

Katika mwaka wa 1911 aliiacha Fumba akahamia mjini. Ili tuelewe aliyoyakuta huko, yafaa tueleze kidogo habari za taarabu. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka wa 1870 hata 1888, alipenda sana muziki wa Misri. Akampeleka huko mtu mmoja, jina lake Mohamed Ibrahim, ajifunze kupiga kanuni, kisha arudi awafundishe wengine. Hivyo muziki ule ukakaa katika jumba la mfalme, pamoja na udi, fidla, nai na dafu. Mwaka wa 1905 waungwana wa mji wakaunda chama chao cha taarabu, kiitwacho Ikhwani Safaa. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha yao ilikuwa Kiarabu. Wengi waliweza kusikia, lakini walioelewa walikuwa wachache.

Mmoja wa watu wa chama hicho, Ali Muhsin, alimsikia yule mwanamke wa shamba, akatambua kwamba ana kipawa. Akamfundisha kuimba kwa kufuata vyombo, na kuyatamka vema maneno ya Kiarabu. Baada ya muda akakutana na wapigaji wengine, ndio Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsam na Maalimu Shaaban. Hao wakawa wenzake wa kazi kwa miaka mingi. Ndipo watu walipoanza kumwita Siti, ambalo ni jina la heshima apewalo bibi mwungwana. Aliyekuwa Mtumwa akawa Siti, wala hakuna aliyemnunulia cheo hicho.

Si wote waliofurahi. Wako waliomtungia maneno ya dhihaka, kwamba ni mtu wa shamba aliyekuja mjini na kaniki, kwamba hana uzuri wa sura wala ukoo wa kujivunia, na kwamba kama si sauti angekufa njaa. Twajua jinsi maneno ya namna hiyo yanavyoweza kumvunja mtu moyo. Siti hakugombana nao barazani. Aliwajibu kwa wimbo, akionyesha kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili na mwenendo mwema. Jibu lake likakaa vinywani mwa watu kuliko dhihaka.

Sasa twafika katika jambo kubwa la kazi yake. Siti aliimba Kiarabu, tena alijua kuimba kwa tuni za Kihindi, kwa kuwa mji ule ulijaa watu wa mataifa mengi. Lakini zaidi aliimba Kiswahili. Akaichukua taarabu iliyokuwa ya jumba la mfalme na ya waungwana, akaitia maneno yaliyosemwa sokoni, kisimani na bandarini. Aliitwa kuimba mbele ya Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu mwaka wa 1911 hata 1960, akaimba pia katika arusi za matajiri. Walakini alikaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, penye nyumba za watu maskini. Huko usiku, kazi za mchana zikiisha, wachukuzi, wapishi, mafundi na akina mama walikusanyika kumsikiliza.

Wasomaji waliopata kuhudhuria taarabu ya namna ile ya zamani wajua desturi yake. Kwanza vyombo husema peke yake, polepole, mpaka watu wametulia. Kisha mwimbaji hutoa ubeti, na wenzake huitikia kibwagizo. Ubeti ukimgusa mtu, huinuka akatoa tuzo mbele ya wote, na mwimbaji huweza kuurudia, wala wimbo hauna haraka ya kwisha. Katika mikutano ya Siti, baina ya wimbo na wimbo, wapigaji walifanya na maigizo ya kuchekesha, wakiwaiga walevi na wakubwa wa baraza la hukumu. Watu walicheka, lakini walijua kinachosemwa. Hivyo msikilizaji hakuwa kama mtu apitaye njiani akasikia ndege. Alihusika, maana mambo yaliyoimbwa yalikuwa yake.

Mfano ulio mkubwa ni wimbo uitwao Kijiti. Tutaueleza kwa ufupi na kwa huzuni. Mwanamke mmoja, naye ni mja mzito, alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Mtu aitwaye Kijiti akamdanganya kwenda naye kwenye ngoma, akamtenda jeuri, akamwua, kisha akatorokea bara. Wanawake waliokuwa pamoja naye walikwenda kutoa ushuhuda, wakidhani kwamba haki itafanyika. Lakini mwuaji hakupatikana, na baraza likawageukia wao, likawafunga kwa sababu walinunua pombe ya karamu ile. Watu wa Ng'ambo waliona uchungu. Hawakuwa na wakili, wala gazeti, wala kiti barazani. Walikuwa na Siti. Yeye akaitangaza habari hiyo kwa jina la mwenye kosa, na kwa masikitiko juu ya yule marehemu na wale waliofungwa bila haki. Kijiti aliponyoka hukumu ya serikali, lakini hukumu ya wimbo haijamwachia mpaka leo.

Mwaka wa 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwaita Siti na wapigaji wake Bombay, India. Wakavuka bahari kwa merikebu, wakaimba mbele ya chombo cha kunasia sauti, na nyimbo zao zikatiwa katika santuri. Hao walikuwa katika watu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kunaswa sauti kwa ajili ya biashara. Nyimbo zake zilizonaswa katika miaka ile huhesabiwa kuwa zaidi ya 250. Santuri zikauzwa Unguja, Kenya, Uganda na Tanganyika, zikapata kusikiwa hata na watu ambao hawakuwa na umeme. Maana kinanda cha santuri cha siku zile kilijazwa nguvu kwa kuzungushwa mkono, nacho kilihitaji sindano ya chuma tu.

Hapa yafaa tufikiri kidogo. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi na zaidi kidogo. Wimbo uliokuwa ukinyoshwa usiku kucha kwa kuitikiana ulipaswa kukatwa uingie humo. Tuzo hazikuingia, wala vicheko, wala kimya cha watu wanaomlilia jirani yao. Kwa hiyo wazee waliopata kumsikia Siti uso kwa uso walisifu kitu ambacho sisi, tusikiao santuri zilizokwaruzika, hatuwezi kukipata chote. Walakini santuri ilifanya kazi ambayo baraza haikuweza. Ilichukua Kiswahili cha watu wa Ng'ambo ikakifikisha mbali, na mtu wa bara akasikia kwamba lugha aliyoizungumza sokoni yaweza kubeba jambo kubwa.

Mwaka uleule wa 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja waliyotozwa na wenye ardhi. Hatusemi kwamba Siti ndiye aliyewaongoza. Twasema tu kwamba watu wazoeao kukutana na kuyasikia mambo yao yakitajwa waziwazi hawakai milele wameinamisha vichwa. Sisi wa Upare twalijua jambo hili. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaketi Same mbele ya boma, kwa sababu ya kodi ya mbiru ambayo hawakuelewa jinsi ilivyokadiriwa. Hawakuja na silaha. Wakakaa miezi mingi, na akina mama wa Usangi nao wakajitokeza bila hofu, na hatimaye kodi ile ikaondolewa. Mnyonge asiye na kitu kingine ana sauti yake, na sauti za wengi zikiafikiana haziwezi kudharauliwa.

Siti alizeeka Unguja. Kabla hajafa, Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa wa Tanga, alikwenda kuonana naye, akasikiliza habari za maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe. Tarehe 8 Julai 1950 Siti akafariki dunia. Kitabu cha Shaaban Robert, kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad, kilichapishwa mwaka wa 1958. Ni jambo la kutazamwa, kwamba mwanamke asiyejua kusoma aliandikiwa kitabu na mwandishi aliye wa kwanza katika lugha hii. Nyimbo zake zikashikwa na wengine, hasa Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyeziimba mpaka uzee mwingi, naye akafa mwaka wa 2013. Na chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, kilichoanzishwa mwaka wa 1987, kilipotafuta jina la gazeti lake, kililiita Sauti ya Siti.

Basi, walimu wetu wa injili na ninyi mnaofundisha kwaya, twawaomba mliangalie jambo moja. Siti alipewa sauti njema, na sauti njema wengi wamepewa wakasahauliwa. Yeye hakusahauliwa, kwa kuwa aliimba kwa lugha ambayo mwenye kusikia aliielewa, akayataja mambo yaliyowapata wadogo, wala hakuona haya kuwa mmoja wao baada ya kuketi na wakubwa. Wapo vijana katika milima yetu wanaochekwa kwa sababu ya ukoo wao, au kwa sababu wametoka kijiji kisichotajwa. Pengine mmoja wao sasa hivi ajitwika mzigo wa mama yake kwenda mnadani, akiita wanunuzi kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikiliza vema. Ali Muhsin alisimama akasikiliza. Kazi hiyo nayo ni kubwa, wala haihitaji kipawa cha kuimba.