Marie Curie: Elimu ni Amana

Elimu haipatikani kwa kutamani, bali kwa jasho. Hayo yanadhihirika katika maisha ya Marie Curie, aliyezaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1867, nchi yake ilipokuwa chini ya makucha ya wafalme wa Urusi. Chuo Kikuu cha mji wake hakikuwapokea wanawake. Alifundisha watoto majumbani mwa wenye mali, akadunduliza, na mwaka 1891 akaenda Paris kusoma.

Mwaka 1898, yeye na mumewe Pierre walitangaza kwamba ndani ya mawe ya urani mna kitu kigeni kitoacho mionzi mikali, wakakiita radiamu. Ilibaki kukitoa. Kazi ilikuwa nzito, kwani radiamu hufanana mno na bariamu na huandamana nayo. Tofauti yao ni kwamba kloridi ya radiamu huyeyuka majini kwa shida zaidi. Mchanganyiko ukichemshwa na kuachwa upoe, fuwele za mwanzo huwa na radiamu nyingi zaidi. Katika banda lililovuja, Marie alirudia kazi hiyo tena na tena, akitumia matani ya mabaki ya mawe hayo, hata mwaka 1902 akapata sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu.

Madaktari waliitumia radiamu kutibu saratani, na wenye viwanda wakaitaka njia ya kuitoa. Marie na Pierre hawakuificha wala hawakuiwekea hataza. Kufikia mwaka 1921 gramu moja iliuzwa dola 100,000, na mvumbuzi mwenyewe hakuweza kuinunua. Wanawake wa Marekani walichanga, wakamtunukia.

Alipata Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1903 na 1911. Alifariki mwaka 1934 kwa maradhi ya damu, yanayoaminika kuwa yalitokana na mionzi aliyoishi nayo bila ya kinga. Madaftari yake yangali yanatoa mionzi hadi leo.

Basi mtumishi wa umma anayeukalia ujuzi wake kana kwamba ni urithi wa babu yake, na ajitazame. Elimu ni amana ya wananchi. Na kiongozi anayempeleka mfanyakazi penye hatari ajue kwamba Marie alipoanza kazi hiyo hakuwa na wa kumwonya. Sisi tumekwisha onywa.